Mshahara wa Watu Wawili

Tulipomzika mama mkwe wangu kule Kivaa mwezi uliopita, katekista alishika kipaza sauti akasoma majina ya watoto aliowaacha marehemu, kutoka mkubwa hadi mdogo. Wa kwanza alikuwa Mutinda, mume wangu, aliyeketi kando yangu chini ya hema. Wakafuata ndugu zake. Wa mwisho, kitinda mimba, akatajwa Mwende. Hakuna aliyeshtuka. Mwende alisimama kama wenzake, akainamisha kichwa, akaketi. Mwende ni binti yangu. Nilimzaa mimi, hospitalini Machakos, na mpaka alipokaribia kutimiza miaka minne hakuwa amelala hata mara moja mbali na mimi. Nilimtazama Mutinda, lakini yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Nyuma yetu mama mmoja wa kanisa alimwuliza mwenzake kwa Kikamba kama yule ndiye msichana aliyelelewa na marehemu. Mwenzake akamjibu, "Kulelewa namna gani? Huyo ni wake kabisa."

Nina duka la kushona sare za shule mjini Machakos. Kila mwaka shule zikifunguliwa huja vijana walioajiriwa karibuni, walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, na kwa sababu mimi ni mkazi wa zamani huniuliza, "Mama, hapa Machakos mtu anahitaji mshahara wa kiasi gani ndio aishi vizuri?" Mimi huwajibu ninavyojua. Nawaambia nyumba za upande wa Katoloni ni za kodi gani na vyumba vya mtaa wa Mjini ni vya kodi gani. Nawaambia mboga ni nafuu Marikiti siku ya soko kukikaribia jioni. Nawaambia yupo anayelipwa kidogo akala nyama Jumapili, na yupo anayelipwa mara tatu yake lakini tarehe kumi haijafika ameshaanza kukopa. Nawaonya pia kwamba mji wetu ni mdogo, ukipanda watu wanaona na ukishuka wanaona zaidi. Wanashukuru, wanaondoka. Siwaambii habari za mwaka ule, kwa sababu wao wameuliza kuhusu kodi na mboga, na mimi nikianza kuusimulia sijui nitaishia wapi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mutinda alikuwa muuzaji wa kampuni iliyokuwa ikisambaza sabuni na mafuta ya kupikia, anaendesha gari la kampuni kutoka duka hadi duka, Wamunyu hadi Masii, na kila mwenye duka alimjua kwa jina. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sinki jikoni, choo ndani, na veranda iliyotazama milima ya Iveti. Asubuhi za Julai ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka kwenye kamba ya nguo, na nilipenda kusimama pale na kikombe cha chai nikijua kwamba maziwa yaliyomo yaliletwa mlangoni. Jumamosi tulikula chapati na nyama ya kukaanga. Kulikuwa na msichana wa kazi, kulikuwa na makochi ya kitambaa chekundu ambayo nilikuwa nimeyafumia vitambaa mwenyewe, na Mwende alikuwa na kitanda chake kidogo chenye ubavu ili asianguke. Katika ploti ile watu walijuana kwa kile walichotoka nacho dukani. Kulikuwa na wanawake walionunua mafuta ya chupa na wanawake waliopeleka chupa tupu wapimiwe. Mimi nilikuwa wa mafuta ya chupa, na nilidhani hiyo ni tabia yangu, kama vile rangi ya macho.

Kampuni ilifunga tawi la Machakos baada ya Pasaka. Mutinda alirudi nyumbani kwa miguu, mchana, akaketi kwenye veranda na Mwende mapajani. Nilipomwuliza gari liko wapi, alisema, "Wamelichukua. Wamechukua yote." Miezi miwili ya kwanza tuliishi kwa pesa za kuachishwa kazi kana kwamba ni likizo. Mutinda alisema mtu anayejua maduka yote ya wilaya hawezi kukaa bure, na mimi niliamini, kwa hiyo chapati za Jumamosi hazikukoma. Kisha msichana wa kazi akaenda kwao. Kisha maziwa yakakoma kuletwa. Siku moja nilikuwa naanika nguo nyuma ya shuka kubwa, nikamsikia jirani yangu, Mama Brian, akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wale wakihama nataka niwe wa kwanza kuuliza yale makochi mekundu. Hawatapata nyumba ya kuyaweka." Mama Brian hakuwa mtu mbaya. Jana yake alikuwa amemletea Mwende ndizi. Alikuwa tu ameona mapema jambo ambalo sisi bado hatujakubali kuliona. Mwezi uliofuata alikuja akayauliza, nami nikamwuzia.

Tulihamia Mjini, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Bi Khadija. Alikuwa mjane, wazee wake walitoka pwani zamani na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Machakos, na kila alfajiri alikaanga mahamri na kuchemsha mbaazi za nazi za kuuza. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililoelekea ukuta. Tulitundika pazia katikati, huku kitanda, huku jiko la makaa, na kitanda cha Mwende hakikuingia, kwa hiyo alilala katikati yetu. Makaa tulinunua kwa mkebe, mafuta tulipimiwa, sukari tulifungiwa kwenye karatasi. Niligundua kwamba kuishi kwa kidogo ni kazi ya kutwa nzima. Mtu wa chupa huenda dukani mara moja kwa mwezi, mtu wa kupimiwa huenda kila jioni, na kila jioni ana nafasi mpya ya kukosa. Bi Khadija alitupokea vizuri. Siku ya kwanza alileta sahani ya mahamri, akasimama mlangoni bila kuingia. "Hamna haja ya kuona haya, mwanangu," aliniambia. "Chumba hiki wamekaa watu wengi, na wengine sasa wana magari."

Mutinda alipata kibarua cha kushusha magunia kwa wenye maduka. Ni wale wale aliokuwa akiwauzia sabuni. Hakulalamika, lakini alianza kuvaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Mimi nilijua kushona kidogo, nikapata kazi kwenye duka la sare karibu na soko, na Bi Khadija akakubali kukaa na Mwende mchana. Kwa muda mambo yalienda. Nilirudi jioni nikimkuta mtoto amepakwa mafuta ya nazi, amejifunza kusema "shikamoo" kwa kila apitaye, hata kwa paka. Tulikula sukuma wiki na ugali, au muthokoi, yaani mahindi ya kukoboa, wenye maharagwe machache, na nilikuwa nachota changu mwisho. Ukuta kati yetu na Bi Khadija ulikuwa wa mabati kwa juu, na jioni moja nikamsikia akizungumza na dada yake aliyekuja kumtembelea.

"Hawa wapangaji wako, mtoto wao anakula?" dada aliuliza.

"Mtoto anakula. Mama ndiye asiyekula. Namwona mkono umekuwa kama fimbo."

"Na baba?"

"Baba anakula nusu, anasema ameshiba. Kila mmoja anamdanganya mwenziwe na wote wanajua."

Mutinda alikuwa ameketi kitandani akimvua Mwende viatu. Alisikia kama nilivyosikia. Hatukutazamana. Mwende ndiye aliyesema, "Bi Khadija anaongea," akacheka.

Kisha yule dada akaugua Mombasa, na Bi Khadija akafunga jiko lake akaenda kumwuguza, bila kujua atarudi lini. Ilibidi nimchukue Mwende kazini. Mwenye duka alikubali kwa shingo upande. Nilimkalisha chini ya meza yangu na vipande vya vitambaa, nikamwambia asitoke hapo, na kwa siku nyingi hakutoka. Lakini mtoto ni mtoto. Wiki za kufungua shule za Januari zilifika, duka likajaa wazazi, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye cherehani niliposikia mlio. Alikuwa amenyoosha mkono akashika pasi ya makaa iliyowekwa sakafuni. Kiganja chake cha kulia kilibabuka chote. Tulimkimbiza zahanati, wakamfunga bendeji, na tuliporudi mwenye duka alinivuta pembeni. "Mama Mwende, mimi pia ni mzazi," alisema. "Lakini hapa kuna moto na mikasi. Kesho njoo peke yako, au usije."

Sijui ni nani aliyepeleka habari Kivaa. Jumamosi hiyo mama mkwe wangu alifika na gunia dogo la pojo, kibuyu cha maziwa ya mbuzi na kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, mjane tangu zamani, na watoto wake wote walikuwa wameshaondoka nyumbani. Alikaa juu ya kitanda kwa sababu hakukuwa na mahali pengine, akaufungua mkono wa Mwende, akautazama, akaufunga tena. Aliangalia pazia, jiko, na ndoo iliyokuwa inakinga maji pembeni. Nilimpikia chai ya mkandaa, akainywa bila kuuliza maziwa yako wapi, wakati kibuyu chake kiko pale pale miguuni. Baadaye ndipo akasema, kwa Kikamba, sauti ya chini, "Wavinya, sikuja kukulaumu. Nipe mtoto. Kule kuna maziwa, kuna kuku, na mimi ninakaa peke yangu."

"Mpaka lini, mwaitu?" nilimwuliza. Mwaitu kwetu ni mama, na ndivyo nilivyomwita tangu niolewe.

"Mpaka mkae sawa."

Hakuna kati yetu aliyeuliza kukaa sawa ni kukaa vipi. Alitoka kwenda kusalimu majirani, nadhani kwa makusudi, akatuachia chumba. Mutinda alisimama kando ya dirisha lile lisiloonyesha kitu.

"Mshahara wako na kibarua changu tukiviweka pamoja, ni vya watu wawili," alisema. "Nimehesabu kila njia. Ukiongeza mtu wa kumwangalia mtoto, tunakosa kodi. Ukiacha kazi ukae naye, tunakosa kodi na chakula."

"Kwa hivyo wa kutolewa ni yeye?"

"Sijasema hivyo."

"Ni wewe umesema ni vya watu wawili."

Aliutazama ule ukuta wa nje. Kisha akasema, "Basi twende sisi wote Kivaa." Nami nilijua haiwezekani, kwa sababu mvua za kule zilikuwa zimekosa, shamba lilikuwa vumbi, na huyo mama alikuwa na chakula kwa ajili yake na cha kumtosha mtoto mmoja, si cha watu wazima wawili wa kurudi mikono mitupu. Yeye pia alijua hivyo. Alisema tu ili niwe nimeulizwa.

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Nilimvalisha Mwende gauni la buluu nililoshona kwa vipande vya sare, na sweta, ingawa Kivaa ni joto na nilijua hataihitaji. Aliamini anaenda kutembea. Alinionyesha bendeji yake kwa fahari akasema atawaonyesha mbuzi. Stendi, mama mkwe alimweka kwenye paja, na kabla gari halijaanza kuondoka mtoto alikuwa ameshalala. Nilienda moja kwa moja kazini. Nilishona kola za mashati mpaka saa ya chakula, na mwenye duka akaniletea chai na mkate, nikala vyote. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilikula nikashiba, mara ya kwanza baada ya miezi, na nilijua nimeshiba kwa sababu gani.

Tulienda kumwona mara moja tu kabla ya mwaka kuisha. Nauli kupitia Matuu na Kangonde ya watu wawili ilikuwa chakula cha wiki, na kila tulipopanga kwenda kulitokea jambo. Tulipofika alitukimbilia, akatukumbatia, akatuonyesha kifaranga chake. Kiganja kilikuwa kimepona, kimebaki na ngozi laini inayong'aa. Alikuwa amenenepa. Nilifurahi, na niliona wivu, na nikasema ahsante.

Mwezi wa Novemba Mutinda aliajiriwa kuendesha basi la shule moja ya wamiliki binafsi. Hazikuwa pesa kama za zamani, lakini zilikuwa za kila mwezi. Nami nilikuwa nimeongezewa kidogo. Tulipata nyumba ya vyumba viwili, choo cha nje cha kushirikiana, na fundi akatutengenezea kitanda cha mtoto. Nilikitandika mwenyewe. Bi Khadija, aliyekuwa amerudi kutoka Mombasa baada ya kumzika dada yake, alinipa chandarua chenye maua. Mkesha wa kwenda Kivaa nilipika chapati, ili tukirudi tukute chakula.

Tuliwakuta jikoni, nje ya nyumba kubwa, wanachambua pojo. Mwende alituamkia vizuri kama alivyofundishwa. Kisha akamgeukia bibi yake. "Mwaitu," alimwita, "hawa wageni watalala wapi?"

Mama mkwe wangu aliacha kuchambua. "Mimi ni susu yako, mama ya baba yako," alimwambia taratibu. "Mwaitu ni huyu." Alinielekeza kwa kidevu. Mtoto alinitazama, akamtazama, akacheka kama mtu aliyetaniwa, akaendelea kuchambua.

Tulimchukua hata hivyo. Nani asingemchukua? Mama mkwe alifunga nguo zake kwenye leso, akamsindikiza mpaka barabarani, akageuka haraka kurudi kabla hatujapanda gari. Njia nzima Mwende hakulia, na hilo lingepaswa kunionya. Machakos alilala kwenye kitanda kipya bila ubishi. Siku iliyofuata hakula. Hakuwa anakataa kwa hasira, alifunga tu mdomo na kugeuza uso. Nilimpikia uji, nikampikia mayai, nikamnunulia soda. Alisimama langoni kutwa akiwauliza wapita njia kwa Kikamba kama wametoka Kivaa. Wiki ya pili akashikwa na homa, na hospitali wakasema hawaoni ugonjwa. Mutinda alikaa naye kitandani akimwimbia nyimbo za zamani za pale kwenye veranda yetu. Mtoto alimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza akamwambia, "Asante. Sasa nipeleke nyumbani."

Mutinda alinifuata jikoni. "Wavinya, tutamwua," alisema.

"Atazoea."

"Au hatazoea."

Tulimrudisha pamoja. Mama mkwe wangu alikuwa shambani, akatuona kwa mbali, akaweka jembe chini. Mwende alishuka mgongoni mwangu akakimbia kati ya mistari ya kunde mpaka akamfikia. Yule mama hakutabasamu wala hakutuuliza kitu. Alimnyanyua mtoto na kunitazama juu ya bega lake, na katika macho yake hakukuwa na ushindi. Alikuwa analia. Tulikubaliana atakaa mpaka aanze shule. Alipoanza shule tukasema mpaka amalize darasa la tatu. Wakati huo nilikuwa nimezaa wengine wawili, waliokulia kwenye zile pesa zilizoongezeka mwaka hadi mwaka, na Mwende alikuja likizoni, akawapenda ndugu zake, akalala kwenye kitanda cha wageni na kukitandika vizuri kila asubuhi.

Leo anakaa Syokimau na mumewe. Wote wanafanya kazi ofisini Nairobi, wana gari, wana mtoto wa kiume anayeitwa Ethan aliyefikisha miaka mitatu. Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, viatu amevua, mtoto anacheza na majivu. Niliketi karibu naye. Tukazungumza habari za chakula kilivyotosha, na za wageni waliotoka mbali. Kisha akasema, bila kunitazama, "Tulikuwa tumepanga kumleta Ethan hapa kwa mwaitu. Mwaka mmoja hivi. Kule nyumba peke yake inakula mshahara wangu wote, na wa baba yake unaenda kwa gari na msichana wa kazi. Tulikuwa tumeongea na yeye, akasema ni sawa."

Nilijisikia nikisema kabla sijafikiri, "Mlete kwetu Katoloni. Tuko na nafasi. Baba yako amestaafu, anashinda nyumbani."

Alifikiri. Naamini alifikiri kweli, hakujifanya. Alimnyanyua Ethan, akampangusa majivu kwenye magoti.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Si kwa ubaya. Tutauza gari na tutafute nyumba ndogo. Atakaa na mimi."

"Itakuwa ngumu."

"Najua."

Asubuhi iliyofuata, Mutinda alipokuwa anapakia vitu kwenye gari, Mwende alikuja kutuaga. Alikuwa amejifunga leso ya bibi yake kiunoni. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikaihisi ile ngozi laini ya kiganja, akainama kidogo kama walivyofanya wafiwa wengine siku nzima ya jana kwa kila aliyeondoka.

"Asante kwa kuja," aliniambia.

Nikamwambia pole. Lilikuwa neno la kweli. Aliyefiwa na mama alikuwa yeye.